Uvumi Hauna Paukwa



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine hamkutarajia kulisikia kutoka kwa paroko wenu, nalo ni hadithi za maajabu ambazo siku hizi watu huzisikiliza kwa njia ya simu. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wazazi watatu, kwa nyakati mbalimbali, wametujia ofisini wakituomba tuhubiri dhidi ya hadithi hizo, kwa kuwa vijana wao hulala na hedifoni masikioni wakisikiliza habari za majini, za falme zilizo chini ya bahari, na za watu waliosafiri kwa vyombo vya ajabu hadi kwenye nyota za mbali. Ya pili ni kwamba sisi wenyewe tunazisikiliza. Si haki kukaa kimya wakati wengine wanashutumiwa kwa kosa ambalo nasi tunalo, kama kweli ni kosa.

Wanaosafiri kwenda vigango vya delta wanajua kwamba kule saa hupangwa na bahari. Siku moja tulitoka Nyamisati kwa boti, na kabla ya kufika tulikotaka maji yakawa yamekupwa. Tukakaa katikati ya mikoko, chombo kimelala kwenye tope, tukingojea maji yajae. Nahodha wetu, kijana Mwislamu mwenye adabu nyingi, alitoa simu yake akaiweka ndani ya bakuli tupu ili sauti ikue, kisha akafungua simulizi. Msimulizi alikuwa akieleza habari za mvuvi aliyeshushwa na wimbi hadi katika mji ulio chini ya maji, ambako watu hawazeeki lakini pia hawakumbuki majina ya mama zao. Tulipotaka kuuliza saa ya maji kujaa, nahodha alituinulia kidole kwa heshima: "Padri, ngoja kidogo, huyu yuko mlangoni kwa mfalme." Tukangoja. Maji yalipojaa, tulikuwa sisi tulioomba asiizime.

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi ni nini kilichotushika. Hadithi yenyewe haikuwa mpya sana. Kilichotushika ni sauti. Wenye umri wetu mtakumbuka jinsi tulivyokuwa tukikaa karibu na redio ya mkulima, wakati Radio Tanzania Dar es Salaam ilipokuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na Debora Mwenda akatusimulia. Mwanamke mmoja, katika chumba kimoja cha studio, aliweza kuwa mfalme, kuwa mtoto yatima, kuwa mnyama wa mwituni, nasi tuliokuwa mbali tukaogopa, tukacheka, kisha tukatumwa kuteka maji tukiwa bado tuko katika nchi ile nyingine. Hakuna aliyetuonyesha picha hata moja. Picha tulizichora wenyewe, na ndiyo maana hazijafutika.

Baadaye, tulipokuwa vijana, tuliwasikia wasimulizi wa namna nyingine katika vibanda umiza. Filamu zilikuja kwa lugha ya Kiingereza, Kichina au Kihindi, na Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana na wengi kwa jina la Lufufu, akazifasiri kwa Kiswahili huku akieleza, akifafanua, akiongeza na kuonya. Mtaalamu wa Ujerumani, Matthias Krings, aliyeuchunguza usanii huo, aliufananisha na kazi ya kugeuza wali kuwa pilau. Tunaona mfano huo umelenga. Mchele ni uleule, lakini mkono wa mpishi umepita.

Wanaosimulia leo kwa njia ya simu ni warithi wa watu hao. Wapo wazuri na wapo wabaya, nasi tumejaribu kuwatofautisha. Msimulizi mbaya hupenda sauti yake kuliko hadithi yake. Hunguruma tangu mwanzo hata mwisho, na akifika penye hofu hana tena pa kupandia. Msimulizi mzuri hujificha. Penye hofu hushusha sauti, nasi tunamsogelea. Akimsemea bibi kizee hamdhihaki, na akimsemea mfalme hajikwezi. Hupumzika penye nukta, kwa kuwa anajua msikilizaji anahitaji muda wa kuona alichoambiwa. Wasoma masomo wetu wa Dominika, tunaowapenda na kuwashukuru, wangeweza kujifunza hapo. Habari za bahari kugawanyika mbele ya taifa zima mara nyingi husomwa kanisani kana kwamba ni orodha ya michango. Sisi makasisi nasi tusijitoe katika lawama hiyo.

Tusisahau pia kwamba vitabu vya kusikiliza vilizaliwa katika huruma. Kati ya mwaka 1934 na 1935, Marekani na Uingereza zilianza kuwapelekea vipofu vitabu vilivyosomwa na kurekodiwa katika santuri. Tunalikumbuka jambo hilo kila tunapomtembelea mzee mmoja wa kigango chetu ambaye mtoto wa jicho amemfungia dunia. Mjukuu wake humfungulia simulizi kila jioni. Mzee huyo alituambia kwamba akisikiliza anaona. Hatukupata la kumjibu, tukakaa naye hadi sehemu ile ikaisha.

Pamoja na hayo, hatukuja kuzungumza juu ya burudani peke yake. Liko tukio lililotufanya tuandike.

Mnakumbuka mafuriko ya Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba na nyumba katika wilaya zetu za Rufiji na Kibiti. Jioni moja tulikuwa pamoja na wanajumuiya wachache katika shule ambako baadhi ya familia zilizokosa makazi zilikuwa zimehifadhiwa. Umeme haukuwapo. Watu walikuwa wamechoka, na watoto walikuwa wakilia. Kijana mmoja akaunganisha simu yake na spika ndogo na kufungua simulizi ya safari ya angani, ya watu waliotumwa kutafuta nchi nyingine baada ya nchi yao kukauka. Taratibu watoto wakanyamaza. Akina mama wakasogea. Mzee mmoja aliyepoteza shamba lake lote la mpunga alicheka kwa sauti, akasema kwamba hao wanatafuta maji, na yeye angewagawia yake bure. Kila mtu akacheka. Kwa muda wa saa moja, watu waliokuwa wamenyang'anywa kila kitu walikuwa na mahali pa kwenda.

Kisha, kwa simu ileile na spika ileile, ukaingia ujumbe wa sauti. Mtu asiyejulikana, mwenye sauti nzito na tulivu, alisema kwamba ukuta wa bwawa la juu umepasuka na kwamba kila aliye bondeni akimbie usiku huohuo. Hakutaja jina lake wala hakusema ameyajuaje hayo. Watu wakakimbia gizani. Mama mmoja alianguka akavunjika mkono. Mtoto wa miaka sita alipotea, akapatikana alfajiri akiwa amelala chini ya mwembe. Ukuta haukuwa umepasuka. Hapakuwa na lolote.

Tuliporudi nyumbani tulijiuliza swali ambalo tunawaletea ninyi. Jioni ile tulisikia mambo mawili yasiyo ya kweli. La kwanza lilikuwa kubwa zaidi, maana hakuna aliyewahi kuiona nchi ile ya angani. Hata hivyo halikumwumiza mtu, bali lilituponya kidogo. La pili lilikuwa dogo na lenye kuaminika, nalo lilivunja mkono wa mama wa watu. Tofauti ni nini?

Jibu letu ni hili: la kwanza lilikuwa na paukwa. Wazee wetu wa pwani hawakuanza hadithi hivi hivi. Msimulizi alibisha hodi kwa kusema "Paukwa!", na hakuendelea mpaka waliokaa wamjibu "Pakawa!" Liko na jibu jingine la pwani ambamo wasikilizaji wenyewe huualika uongo uje na utamu ukolee. Tazameni busara hiyo. Hapo hakuna anayedanganywa, kwa kuwa pande zote mbili zimekubaliana kwamba sasa tunaingia katika nyumba ya kubuni, na hadithi ikiisha tutatoka kwa mlango uleule. Mtoto aliyejibu "Pakawa" mara mia amejifunza jambo kubwa bila kufundishwa, yaani kwamba maneno yana mlango, na kwamba ni halali kuuliza tumeingia nyumba gani. Uvumi hauna paukwa. Uvumi huingia bila hodi, umevaa nguo za habari.

Dunia imelijua jambo hili kwa gharama. Tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles na wenzake walirusha katika redio ya Marekani mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells kuhusu viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaovamia dunia. Mwanzoni walitangaza kwamba ni mchezo. Baadhi ya waliofungua redio wakiwa wamechelewa hawakuusikia utangulizi huo, wakashtuka. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba nchi nzima ilikumbwa na kiwewe, na watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba habari hizo zilitiwa chumvi sana. Basi hata hapo uvumi juu ya hadithi ulikuwa mkubwa kuliko madhara ya hadithi. Mwaka 1949, mjini Quito nchini Ekuado, mchezo wa namna hiyo ulirushwa kwa makusudi kana kwamba ni habari ya kweli. Watu walipogundua kwamba wamechezewa, walilichoma moto jengo la redio ile, na baadhi ya waliokuwamo wakafa. Hadithi ni ileile, na kilichoondolewa ni mlango tu.

Nasi hatuhitaji kwenda Quito. Ngarambe iko hapa kwetu Rufiji. Huko Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, na ahadi ikaenea kwa mnong'ono wa siri kutoka kabila hadi kabila kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Hatuwacheki wazee wetu. Walikuwa wamelimishwa pamba kwa nguvu, walitozwa kodi, walichapwa viboko, na umoja waliouonyesha ni urithi wetu. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita vilivyoendelea hadi mwaka 1907 vilifuatwa na njaa iliyomaliza vijiji vizima. Ahadi ile haikuwa na paukwa. Hakuna aliyepewa nafasi ya kuuliza. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, alilirudisha jambo hilo jukwaani, penye mlango unaoonekana, na hapo tukaweza kuuliza kwa utulivu maswali ambayo mwaka 1905 hayakuwa na nafasi. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi ya kubuni iliyo wazi. Hutupa mahali pa kujaribu hofu zetu na matumaini yetu kabla hatujayalipia kwa damu.

Atakuwapo msomaji wa kusema kwamba Maandiko Matakatifu hayana mambo ya kubuni. Tunamwomba afungue kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, asome jinsi Yothamu alivyowasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotoka kwenda kujitafutia mfalme. Miti inasema, inakataa, inatishia. Hakuna aliyedhani kwamba mzeituni ulifungua kinywa, lakini kila mtu alielewa ni nani aliyesemwa. Nabii Nathani naye alimsimulia Daudi habari ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini. Ni kweli kwamba Nathani hakubisha hodi mwanzoni. Mwishoni, hata hivyo, alifungua pazia na kumwambia mfalme kwamba mtu huyo ndiye yeye. Mwenye uvumi hafungui pazia kamwe. Naye Bwana wetu alifundisha kwa mifano, na hatukuwahi kuulizwa katika katekisimu jina la baba wa mwana mpotevu.

Hayati Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, alikumbuka jinsi alivyofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe miaka ya 1964 na 1965, na jinsi alivyowaachia vijana wasome kile kilichowavuta. Barua hiyo ilianza kama neno kwa malezi ya mapadre, kisha akaielekeza kwa Wakristo wote. Sisi tuliolelewa seminarini, ambako riwaya ilisomwa kwa kujificha chini ya kitabu cha Kilatini, tuliisoma kwa kicheko na kwa shukrani.

Tuwajibu sasa wale wazazi watatu, kwa heshima wanayostahili. Hofu yenu si ya bure. Ziko simulizi ambazo kazi yake ni kutia hofu tu, au kumfundisha kijana kwamba kila mafanikio ya jirani yametoka kwa mganga na kila msiba umeletwa na bibi kizee mwenye macho mekundu. Nchi yetu imewazika bibi wengi kwa sababu ya maneno kama hayo. Zaidi ya hayo, baadhi ya wasimulizi huanza kwa kusema kwamba kisa ni cha kweli kabisa, kumbe wamekitunga. Hao wameuvunja mlango, na hao hatuwatetei. Lakini dawa ya chakula kibovu si kufunga jiko. Lugha yetu ina hazina. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, ili atuonyeshe haki inavyohukumiwa hapa chini. Mwaka uliofuata akatupa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wenye husuda wamegeuzwa kuwa manyani. Katama Mkangi, mwaka 1995, katika Walenisi, alimrusha Dzombo kwa chombo hadi nchi nyingine, ambayo jina lake ukilisikiliza vizuri linakwambia kwamba wale ni sisi. Hizo ni hadithi za maajabu na za sayansi ya kubuni zilizoandikwa na watu wetu, kwa Kiswahili ambacho msikilizaji wa Bungu au wa Mbwera anakielewa. Tunatamani vijana wetu wazisikie zikisomwa kwa sauti nzuri.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wazazi, msiwanyang'anye watoto hedifoni kabla hamjaomba kusikiliza nao. Simulizi inayosikilizwa na mtu mmoja gizani ni nusu ya hadithi. Iwekeni simu ndani ya bakuli katikati ya ukumbi, kama alivyofanya nahodha wetu, kisha ikiisha ulizaneni: nani alitenda haki, nani alidanganya, na wewe ungefanyaje? Pili, kila ujumbe wa sauti unaoingia katika simu zenu, ubisheni hodi ninyi kama wenyewe haukubisha. Ni nani anayesema? Amejuaje? Anataka nifanye nini sasa hivi? Usipojibu, usiupeleke kwa mwingine. Tatu, wale mliojaliwa sauti njema, kigangoni kwetu wako wasioona na wasiojua kusoma. Nendeni mkawasomee. Tumekwisha kuzungumza na katekista, na vijana wawili wataanza kwa yule mzee wetu Jumamosi ijayo. Sisi tutakuwa wa tatu.

Wenyeji wametusimulia jinsi mambo yalivyokuwa mwaka 2016 na 2017, mauaji yalipotikisa wilaya zetu, milango ikafungwa mapema na jirani akawa anamwogopa jirani. Walituambia kwamba katika miezi ile hadithi za jioni zilikoma, na minong'ono peke yake ndiyo iliyobaki. Tumelitafakari sana neno hilo. Pale ambapo watu hawakai tena pamoja kusikiliza yale wanayojua ni ya kubuni, huanza kila mmoja kusikiliza peke yake yale asiyojua kama ni ya kweli. Leo jioni, huku Kibiti na kule delta, tunaweza tena kukaa nje na kubisha hodi kwa sauti. Imani yetu, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Warumi, huja kwa kusikia. Yafaa basi tuyatunze masikio yetu.